Umewaambia Nyumbani?

Saa kumi alfajiri mvua ya Lugo haijalala,
nami nagonga muhuri.
Mifuko mia tatu ya karatasi,
wino wa kijani unaoshika vidole kuliko karatasi.
Maneno mawili tu:
*Umewaambia nyumbani?*

Wateja wageni hudhani ni habari ya mkate.
"Kuwaambia nini?" huuliza, sarafu mkononi.
Nafuta mikono kwenye aproni
nikawaeleza kama nielezavyo aina za unga,
bila kulia, foleni iwe ndefu iwe fupi:
siku utakapozimika
na mashine ikawa inapumua kwa niaba yako,
daktari atawauliza walio wako.
Wasihangaike kukutafuta vichwani mwao usiku huo.
Waachie jibu mezani, kando ya chumvi.

Sabela aliliacha lake kando ya chumvi.
Jumapili, anamenya viazi,
miaka ishirini na miwili, mdomo haufungi:
"Nikifa, mama, wachukue kila kitu,
hata magoti, ingawa hili la kushoto bovu."
Nilimrushia ganda la kiazi.
Nikamwambia anyamaze, asijitabirie.

Novemba. Pikipiki. Majani yaliyolowa barabarani.
Mwanamke wa hospitali hakutuuliza amesimama,
alivuta kiti.
Aliitwa Antía, na soksi zake hazikufanana.
Aliuliza taratibu,
kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.
Mume wangu akatazama sakafu.
Mimi nilisikia kiazi kikimenywa.
Nikasema: hata magoti.

Kutoa ni moyo, watu husema,
nao humaanisha ukarimu.
Mwanangu aliutoa wenyewe,
mzito kama mkate mdogo wa asubuhi,
na ini, zima, usiku ule ambao langu lilikatika vipande,
na figo mbili zikashika njia mbili,
na vile vioo vyembamba vya macho.
Sijui viliko. Sheria hairuhusu majina.
Ilikuja barua moja tu, kupitia hospitali,
haina sahihi, haina mji:
"Jana nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu
na tikiti maji kwapani. Sikupumzika.
Neno la kukushukuru sijalipata,
basi nimekuandikia habari ya tikiti."
Nimeibandika karibu na tanuri.
Imeiva, rangi yake sasa ni ya ganda la mkate.

Breixo wa gereji alikuwa nyuma yake siku ile.
Tangu hapo haitoki pikipiki kwake
bila utepe wa kijani kwenye kioo cha pembeni.
Hatujawahi kulizungumza. Hununua mikate miwili, huondoka.

Na kila tarehe tisa Aprili
naoka mmoja wenye herufi S,
nauweka juu ya kaunta, hauna bei.
Mgeni wa kwanza kuingia ni wake.
Simuulizi jina.
Nimejizoeza kutouliza majina.

Eladio, mposta mstaafu, alinibishia miezi sita.
"Nina themanini na moja, nani atataka makapi?"
"Hilo ataamua daktari," nikamjibu, "si wewe, si mimi.
Wewe kazi yako ni kusema."
Alikunja mfuko, akatia mfukoni, akatoka bila kuaga.
Kesho yake hivyo hivyo.

Leo ameingia analowa,
kaweka juu ya kaunta mfuko mzee uliokunjwa mara nne.
"Nimewaambia," akasema.
"Binti kanuna. Mjukuu ameuliza
kama ini la babu litanuka divai."
Kisha, kana kwamba hakusema kitu:
"Nipe ule usioungua sana."

Nikampa, katika mfuko mpya.
Alipofika mlangoni ndipo nikaona
muhuri ulikaa upande,
alama ya kuuliza haikushika:
*Umewaambia nyumbani*